MFAHAMU VUNJAJUNGU: TABIA ZAKE, CHAKULA CHAKE NA FUNZO KWA BUSTANI ZETU

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, mbele ya wageni kutoka kwa wahisani wetu. Tunaichapisha hapa kwa ombi la washiriki.)



Kwenye ratiba mliyopewa, kipindi hiki kimeandikwa "Taarifa ya Mradi wa Bustani na Nyuki". Taarifa hiyo ipo na nitaisoma. Lakini naomba ruhusa yenu nianze na mdudu, kwa sababu bila kumfahamu mdudu huyo hamtaelewa kwa nini taarifa yangu ya leo inatofautiana na andiko la mradi tulilowapelekea wahisani. Mdudu huyo ni vunjajungu.

Jina lake

Kila mmoja wetu amewahi kumwona. Ni mdudu mrefu, wa kijani au kahawia, mwenye kichwa cha pembetatu na macho makubwa, anayesimama kwenye jani akiwa amekunja miguu yake ya mbele kifuani. Bibi zetu walituonya tusimguse, kwamba anayemgusa atavunja chungu atakachokishika baada ya hapo. Ndiyo maana akaitwa vunjajungu. Mimi nilimgusa nikiwa mtoto, na chungu sikuvunja, ila niliogopa kwenda kuchota maji siku mbili nzima.

Watu wa Ulaya walipomtazama waliona kitu kingine. Jina lake la kitaalamu, mantis, limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya nabii au mwaguzi. Mwaka 1758 mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alimpa mmoja wao jina la pili la religiosa, yaani mcha Mungu, kwa sababu ya ile mikono iliyokunjwa kama ya mtu anayeomba. Kusini mwa Afrika, katika masimulizi ya Wasani yaliyoandikwa na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd katika karne ya 19, vunjajungu anahusishwa na mhusika mkuu wa hadithi zao, mwenye nguvu na hila nyingi.

Kwa hiyo sisi tulimhofia, wengine wakamheshimu. Yeye mwenyewe haombi wala havunji vyungu. Anasubiri chakula.

Mwili uliotengenezwa kwa kuwinda

Duniani kuna aina zaidi ya 2,400 za vunjajungu, na nyingi ziko nchi za joto kama kwetu. Ndugu zake wa karibu katika ukoo wa wadudu ni mende na mchwa, jambo linalowashangaza wengi, maana kwa sura wangedhani ni ndugu wa panzi.

Tazameni kwanza ile mikono. Ni miguu ya mbele iliyogeuzwa kuwa mtego. Sehemu mbili za mguu hujikunja moja juu ya nyingine kama kisu cha kukunja, na kila sehemu ina safu ya miiba mikali inayoelekeana. Mdudu akinaswa katikati, kadiri anavyojitikisa ndivyo miiba inavyozidi kumshika. Mikono hiyo hufyatuka na kukamata kwa muda usiofikia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jicho la mwanadamu huona tu kwamba nzi alikuwepo na sasa hayupo.

Pili, tazameni kichwa. Vunjajungu anaweza kukizungusha kichwa chake upande huu na upande ule, jambo ambalo wadudu wengi hawawezi. Ndiyo maana ukimsogelea unaona kama anakugeukia na kukukodolea macho. Ana macho makubwa mawili, na katikati ya paji la uso ana mengine madogo matatu. Macho yale makubwa humsaidia kupima umbali wa windo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walithibitisha jambo hilo mwaka 2016 kwa njia ya ajabu kidogo. Walichukua vunjajungu wa Afrika wa aina ya Sphodromantis lineola, wakawabandika miwani midogo kwa nta ya nyuki, wakawawekea sinema ya mdudu anayetembea. Picha ilipopangwa ionekane kama mdudu yuko karibu, walirusha mikono kumkamata.

Tatu, ana sikio moja tu. Liko chini ya kifua, kati ya miguu ya nyuma. Aina nyingi zinazoruka zina sikio hili, nalo husikia milio ya juu sana ambayo sisi hatuisikii, ile milio ya popo wanaotafuta chakula usiku. Wataalamu David Yager na Ronald Hoy walilieleza mwaka 1986. Vunjajungu anayeruka gizani akimsikia popo, hubadilisha mwelekeo ghafla au hujitupa chini. Wale mnaowaona wamekuja kwenye taa ya baraza mara nyingi ni madume, kwa kuwa jike ana tumbo zito na haruki vizuri.

Namna anavyowinda

Vunjajungu wengi hawakimbizi chakula. Hukaa mahali pamoja wakasubiri. Rangi yake inafanana na pale alipo: wa kijani kwenye majani mabichi, wa kahawia kwenye majani makavu, na wengine hufanana na ua. Hapa Tanzania na Kenya yupo mkubwa aitwaye Idolomantis diabolica, ambaye hutandaza mikono yake yenye mapana ya rangi kama ua. Zipo pia aina za mbugani ambazo, baada ya moto kupita, hujivua gamba na kutokea zikiwa nyeusi kama majivu na masalia yaliyozizunguka.

Akisogea, husogea kwa kuyumbayumba, mbele na nyuma, kama jani linalopepewa na upepo. Akitishwa na ndege au kinyonga, hujiinua, hufungua mikono na kutandaza mabawa ili aonekane mkubwa. Hana sumu. Mtu hana sababu ya kumwogopa, isipokuwa miiba yake inaweza kumchoma kidole anayembana.

Akishakamata, hasubiri windo life. Huanza kula papo hapo, likiwa hai, kwa taya zake ndogo zenye nguvu. Mabawa na miguu migumu mara nyingi huiacha ikaanguka chini. Akimaliza, husafisha mikono na uso taratibu kama paka.

Anakula nini

Hapa naomba tusikilizane kwa makini, maana hapa ndipo mimi nilipokosea.

Vunjajungu hula nyama tupu. Haguswi na kabichi wala mchicha. Hula nzi, panzi, nyenje, nondo, viwavi, vipepeo. Mkulima akisikia orodha hiyo anafurahi. Lakini orodha haiishii hapo. Hula nyuki. Hula buibui, na buibui naye anatusaidia kula wadudu. Hula wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi wanaomaliza vidukari. Hula vunjajungu wenzake. Kinachomvutia ni kitu kinachotembea na ambacho mikono yake inaweza kukishika. Kwamba kitu hicho ni adui wa mkulima au rafiki yake, hilo yeye halimhusu.

Wakubwa hawaishii kwa wadudu. Wamewahi kuonekana wakila mijusi na vyura wadogo. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Martin Nyffeler wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walikusanya matukio 147 kutoka nchi 13 ya vunjajungu kukamata ndege wadogo. Wengi walikuwa wale ndege wadogo kabisa wa Amerika wanaonyonya maua kama chozi wetu. Mwaka 2018 ikatolewa habari kutoka India ya vunjajungu mmoja aliyekuwa akisimama juu ya majani ya bwawa dogo la bustani. Kwa siku 5 alikula samaki wadogo 9.

Jike na dume

Wengi mmesikia kwamba jike humla dume wakati wa kujamiiana. Ni kweli kwamba hutokea, na dume anaweza kuendelea na kazi hata kichwa kikiwa kimeshaliwa. Si kweli kwamba hutokea kila mara. Madume mengi hutoka salama. Njaa ya jike ina sehemu kubwa katika jambo hili. Jike aliyeshiba hana haraka ya kula mume. Ndiyo sababu dume humwendea jike taratibu sana, kwa nyuma, akisimama kila jike anapogeuza kichwa.

Na kule kuliwa hakupotei bure. Mwaka 2016 watafiti William Brown na Katherine Barry walionyesha kwamba sehemu ya mwili wa dume aliyeliwa huingia katika mayai, na jike aliyekula dume alitaga mayai zaidi ya mara mbili ya yule ambaye hakula.

Mayai na watoto

Jike hutaga mayai ndani ya povu analolitoa mwilini. Povu hilo hukauka na kuwa kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, kilichobandikwa kwenye kijiti, ukuta au waya wa uzio. Kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai machache au mamia, kutegemea aina. Kuna aina za Afrika ambazo mama hukaa juu ya kifuko na kukilinda. Nyingi hutaga na kuondoka. Nyigu wadogo sana hutoboa vifuko hivyo na kutaga humo mayai yao, na watoto wa nyigu hula mayai ya vunjajungu.

Watoto hutoka kwa pamoja, wakiwa na sura ya wazazi wao ila bila mabawa. Huhitaji kula mapema: vidukari, nzi wadogo, na kama hakuna kitu kingine, ndugu yao aliye jirani. Hujivua gamba mara kadhaa kwa miezi mpaka wapate mabawa. Wachache sana hufika utu uzima.

Yaliyotupata

Ndugu zangu, sasa taarifa yenyewe.

Katika andiko la mradi niliandika kwamba tutapunguza matumizi ya dawa za kupulizia katika bustani za sharika kwa kufuga vunjajungu na kuwaachia kwenye kabichi na sukuma wiki. Niliandika kwamba jambo hili ni la gharama ndogo na ni endelevu. Lilisomeka vizuri. Nina shahada ya kilimo, na nilipaswa kujua zaidi. Nilipenda wazo kuliko nilivyolichunguza.

Vijana walikusanya vifuko vya mayai kwenye uzio wa michongoma na kwenye mibuni, kwa bidii kubwa, nawashukuru. Seremala alitutengenezea masanduku yenye wavu. Wiki ya mvua kubwa mayai yakaanguliwa usiku. Asubuhi tulikuta watoto wengi mno kuwahesabu. Kabla hatujajipanga kuwapeleka bustanini, siku tatu zikapita, na sandukuni wakabaki wachache walionenepa. Walikuwa wamekulana.

Hao tuliwaachia bustanini. Vidukari wa kabichi hawakupungua hata kidogo. Baada ya miezi, mama mmoja wa kikundi cha ufugaji nyuki alinipigia simu. Alisema, "Mratibu, njoo uone. Wadudu wako wanaombea mbele ya mzinga wangu." Nilikwenda. Kwenye maua ya maboga, hatua chache kutoka mizingani, walisimama vunjajungu wawili wakubwa, mikono imekunjwa, na chini yao mabawa ya nyuki yametapakaa. Siwezi kusema kwamba walikuwa ndio wale wa masanduku yetu, kwa kuwa vunjajungu walikuwepo kabla yetu. Lakini sikuwa na la kumjibu yule mama. Vikundi vyote viwili, cha bustani na cha nyuki, viko kwenye andiko moja lililoandikwa kwa mkono wangu.

Tulipokaa kuandaa taarifa, ilishauriwa kwa nia njema kwamba tuandike "awamu ya kwanza imekamilika" na kuishia hapo. Nakiri kwamba nililala na sentensi hiyo usiku mmoja nikiwa nimeipenda. Asubuhi niliifuta. Fedha zile baadhi yake ni sadaka za wajane wa huko ziliko sharika rafiki, na hapa kwetu vijana walitoa siku zao. Wana haki ya kujua masanduku yale yaliishia wapi. Yako stoo, matupu.

Kwa nini njia ile haikufaa

Kuna mambo matatu ya kitaalamu.

La kwanza ni kasi ya kuzaana. Kidukari jike huzaa watoto hai bila hata kukutana na dume, na mtoto huyo huanza kuzaa baada ya siku chache, wiki moja hivi kukiwa na joto. Vunjajungu huhitaji miezi kukua. Hawezi kuwakimbiza.

La pili, hachagui. Kudhibiti wadudu kwa wadudu kumefanikiwa sana Afrika pale alipopatikana adui anayemfuata mdudu mmoja tu. Wazee hapa watakumbuka wale wadudu weupe kama unga walioharibu muhogo. Waliingia Afrika katika miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kusini. Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki wakiongozwa na Hans Herren walimleta nyigu mdogo sana kutoka huko huko walikotoka, na kuanzia mwaka 1981 wakaanza kumwachia. Nyigu yule hutaga ndani ya mdudu wa muhogo. Alienea nchi nyingi na kuokoa muhogo, na mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Vunjajungu si mdudu wa namna hiyo.

La tatu, hapendi msongamano. Kila mmoja anahitaji kijiti chake. Ukiwaweka wengi pamoja, wanajipunguza wenyewe.

Je, basi hana faida? Anayo, akiwa mmoja kati ya wengi. Shamba lenye vunjajungu, buibui, nyigu, vinyonga na ndege lina walinzi wa aina nyingi, na kila mmoja hula sehemu yake. Dawa zinazoua kila mdudu huwaua walinzi hao pamoja na waharibifu. Waharibifu kama vidukari hurudi haraka, walinzi hurudi polepole, na mkulima analazimika kupuliza tena. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, kishawishi cha kupuliza kila wiki kimekuwa kikubwa zaidi. Sisemi tusitumie dawa kabisa. Nasema tukague kwanza.

Mapendekezo

Naleta kwenu, wajumbe na wahisani, mapendekezo haya yajadiliwe mchana huu:

1. Shughuli ya kufuga vunjajungu ifungwe rasmi. Salio la fedha za shughuli hiyo lisitumike mpaka wahisani waridhie kwa maandishi matumizi mapya au waagize lirudishwe.

2. Wahisani wakiridhia, salio lisaidie mafunzo ya ukaguzi wa bustani: mara mbili kwa wiki, kugeuza majani, kuhesabu wadudu waharibifu na walinzi wao, ndipo kuamua kama kuna haja ya dawa, na ipi.

3. Pembezoni mwa bustani kusichomwe moto. Tunapopunguza uzio, vijiti vyenye vifuko vya mayai visitupwe motoni, virudishwe kwenye uzio ule ule.

4. Panapopulizwa dawa karibu na mizinga, kikundi cha nyuki kipewe taarifa siku moja kabla, na kazi ifanyike jioni nyuki wakiwa wamerudi.

5. Masanduku manne yatolewe kwa shule ya Jumapili. Mtoto mmoja, vunjajungu mmoja, siku moja, amchunguze, amchore, kisha amrudishe alipomtoa. Nimeahidi kuwa wa kwanza kumshika mbele yao, na nimeomba jikoni waniletee chungu nikishike baada ya hapo.

Yule mama wa nyuki yuko hapa, kiti cha tatu kutoka dirishani. Nimemwomba awe wa kwanza kuchangia. Akitaka kunisema, ana haki.